Alichokula Albano Kabla ya Kulazwa Usingizi

Tuliokuwa ndani ya chumba cha upasuaji Jumapili ile nawataja kwanza, maana nyie vijana mnasimulia kazi bila kutaja watu, kama vile kazi hujifanya yenyewe. Alikuwepo Daktari Kinunda, ambaye mkewe Regina ndiye aliyenisimamia kipaimara. Alikuwepo Bwana Ladislaus Hyera, Mngoni wa Songea, mtoa dawa za usingizi, ambaye si ndugu yangu ila ndiye mwalimu wangu. Alikuwepo Tekla Ndunguru, muuguzi wa kumpa daktari vyombo, binti wa mama yangu mdogo. Nilikuwepo mimi, Kolumba, mhudumu, darasa la nne. Na mezani alikuwa amelala Albano Chale, Mnyasa wa upande wa Liuli, mnunuzi wa kahawa, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mgeni tu, mgeni wa kaka yangu Longinus.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa wifi yangu Gaudensia, mke wa Longinus. Longinus mwenyewe hakuja.

Mjukuu wangu Happy, anayesomea uuguzi, ndiye aliyenisukuma niandike. Aliniambia, "Bibi, andika mambo ya dawa za usingizi, wenzangu hawajui mlivyokuwa mnafanya." Sawa, nitayaandika. Ila siwezi kuyaandika ya dawa nikaacha ya aibu, maana siku ile vilikuja kwa mlango mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha vyombo, kushika miguu ya watu. Bwana Hyera ndiye aliyenitoa miguuni akanileta kichwani. Alisema, "Kolumba una mikono mizito, na kichwa cha mgonjwa kinataka mkono usiorukaruka." Akanifundisha kuinua taya, kusikiliza pumzi, kukanyaga pampu ya kunyonyea mate. Enzi za etha tulikuwa tunarudi nyumbani tunanuka hadi kwenye nywele. Mume wangu marehemu, Zeno, alikuwa akisema, "Leo nimeoa chupa." Etha haikuwa na haraka, ilimlaza mtu kama jua linavyozama nyuma ya milima, na ilimwamsha na kichefuchefu cha siku nzima.

Ikaja ketamini. Hiyo tuliipenda wote. Sindano moja, mgonjwa macho wazi lakini hayupo, anapumua mwenyewe, na shida zake ni chache. Shida kubwa ilikuwa maneno. Mtu akizinduka kwa ketamini anasema yaliyo moyoni na yasiyokuwemo. Katekista mmoja, Mzee Otmar, tulimfunga mfupa wa mkono, alipozinduka akamwimbia Sista Mkuu wimbo wa ngoma ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, beti zote, na viuno vikicheza pale pale kitandani. Sista akauliza, "Huu ni wimbo wa mtakatifu gani?" Bwana Hyera akamjibu, "Wa Mtakatifu Komoni, Sista." Sisi tukajificha nyuma ya pazia.

Lakini kwa mtu aliyeumia kichwa, Bwana Hyera alikuwa haigusi ketamini. Alinieleza kwa lugha ya jikoni, maana ndiyo niliyokuwa naielewa. "Fuvu ni sufuria iliyofungwa mfuniko. Ndani yake damu imevuja, imeubana ubongo. Ketamini inaongeza moto. Mfuniko hauna pa kwenda." Ndivyo walivyofundishwa wao. Happy ananiambia siku hizi wamechunguza upya, wanasema ketamini si adui wa kichwa kama ilivyodhaniwa, na kwa aliyepoteza damu nyingi inaweza hata kuwa bora. Mimi siwezi kubishana na darasa lenu. Nawaambia tu tulichokiamini wakati ule, na mtu hufanya kazi kwa anachokiamini siku hiyo.

Basi kwa kichwa tulitumia thiopentoni, ule unga wa njano unaochanganywa na maji. Hiyo inatuliza ubongo, ila inateremsha na nguvu ya damu. Mpe mtu dhaifu kipimo cha mzima, umemlaza moja kwa moja. Halafu enzi zile za ruksa dawa zilikuwa zinatoka kila upande. Zamani zilikuja kwenye maboksi ya serikali, chache, lakini za aina moja. Soko lilipofunguliwa yakaota maduka ya dawa Songea, na dereva wetu alirudi na chupa zenye maandishi ambayo hata Daktari Kinunda alikuwa hawezi kuyasoma. Bwana Hyera alikuwa anaitikisa kila chupa sikioni. Unga mzuri unamiminika kama ulezi uliochekechwa. Ukiwa umeganda vidonge, maji yameingia, anautupa kwenye shimo la choo huku mhasibu anamlilia. Nanyi mkishika chupa, itikiseni kabla hamjaiamini karatasi iliyobandikwa.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Ruksa ile ile iliyoleta maduka ya dawa ndiyo iliyoleta wanunuzi binafsi wa kahawa. Zamani ulipeleka kahawa chama cha ushirika, karani anaichambua, anaikataa mbele yako kama haikukauka. Wanunuzi wapya walikuwa wanashindana, wananunua haraka, nyumba kwa nyumba. Basi watu wakajifunza uovu. Unaweka kahawa kavu juu, chini unaweka uliyoilowesha maji ili gunia liwe zito. Siwasemei watu wengine. Nasema nyumba yetu. Kaka yangu Longinus, aliyebeba msalaba Ijumaa Kuu, alikuwa anafanya hivyo.

Sikujua. Nilichokijua ni kwamba baada ya misa ya kwanza alimkaribisha Albano chakula cha mchana, na wifi alikuwa na mkono unaomuuma, akaniomba nikapike. Albano alikuwa amemletea Gaudensia zawadi ya usipa kutoka ziwani, wale samaki wadogo kama kidole, wakavu, wanang'aa. Nikawaunga kwa nyanya na karanga, nikasonga ugali. Pombe ya komoni ilikuwepo. Albano alikula vizuri, mtu mcheshi, akaniambia, "Dada Kolumba, kwetu usipa tunawala hadi tunawachoka, leo ndiyo kwanza nimewajua." Nikamwacha na ndoo ya komoni katikati yake na kaka, nikaenda hospitalini, maana ilikuwa zamu yangu.

Mchana ukiwa umepinda, wanaume wawili jirani walimleta juu ya mkeka wa kuanikia kahawa. Gaudensia alikuwa nyuma yao anakimbia na kanga imemvuka. Upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio, palikuwa pamevimba. Alikuwa akirusha mikono na kukoroma, haelewi. Daktari Kinunda akamfungua macho: mboni moja ndogo, nyingine imefunguka kama tundu la kufuli.

"Imekuwaje?" daktari akauliza.

"Ameteleza kwenye ngolo," akasema Gaudensia.

Kwa wasiokuwa wa huku, ngolo ni yale mashimo ya shamba tunayolima kwenye miteremko, na mtu anaweza kweli kuteleza akaviringika mpaka bondeni. Wagonjwa wa hivyo tumewapokea wengi. Huja na udongo mdomoni. Albano alikuwa na shati jeupe la Jumapili, na shati halikuwa na hata kipande cha jani.

"Alipoanguka alizimia?"

"Alizimia kidogo, akaamka, akaongea, akasema kichwa kinamuuma. Tukasema alale. Alipolala ndiyo akaanza kukoroma hivi."

Mkisikia habari hiyo, ya mtu aliyezimia, akaamka akaongea, kisha akalala akawa haamshiki, kimbieni. Mshipa umepasuka kati ya fuvu na ubongo. Daktari Kinunda hakuuliza tena, akasema tunatoboa sasa hivi.

Bwana Hyera akamgeukia Gaudensia na swali lake la siku zote. "Mama, amekula lini?"

"Hajala."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Alikuja kwa misa, alikuwa amefunga apokee komunyo. Hajagusa kitu."

Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi. Nikamtazama wifi, wifi akanitazama, kisha akatazama chini. Hapo nikaelewa yote, kama mtu anavyoelewa msiba kabla haujatajwa. Kama Albano alikula, alikula mahali. Na aliyekula saa sita kwa Longinus, akapasuka kichwa muda mfupi baadaye na shati safi, hakuteleza kwenye ngolo yoyote. Gaudensia alikuwa anakificha kile chakula ili aifiche nyumba.

Tukamwingiza ndani. Sasa nisikilizeni nyie wa usingizi, maana hapa ndipo palipokuwa na uamuzi.

Kulikuwa na kichupa kimoja tu cha dawa ya kulegeza misuli. Ile inayomfanya mgonjwa alegee mara moja, apoteze na pumzi, ili uingize mpira wa kooni haraka. Tulikiweka kwenye friji ya mafuta ya taa, na gari la kuleta vingine lilikuwa halijarudi. Wodini alikuwepo mama, mke wa Bosko Kapinga, uchungu umemkaa tangu alfajiri, na daktari alikuwa anadhani huenda naye akaja mezani kabla ya jua kuzama. Kwa mama mwenye mimba kichupa kile tulikihesabu kama pumzi ya pili.

Bwana Hyera akasimama mbele ya kisanduku chake anajisemea, kama kawaida yake. "Ketamini hapana. Etha hapana. Thiopentoni kidogo, kidogo, damu yake siiamini. Mwenye ajali mimi humhesabu ameshiba hata akiapa." Akaitazama friji. "Lakini huyu amefunga tangu jana. Tumbo tupu. Basi nitamzamisha polepole kwa mvuke wa halotheni, nimpulizie kwa barakoa, mpira nitauingiza bila ile ya kulegeza. Kichupa tumwachie mama."

"Amua," akasema Daktari Kinunda, anaosha mikono.

Kwa mtu asiye na kitu tumboni, mpango ule ungefaa. Kwa mtu mwenye ugali, usipa na komoni, ukimpulizia hewa kwa barakoa, nyingine inaingia tumboni, tumbo linajaa, chakula kinapanda, kinashuka mapafuni. Nilishaona mtu akifa hivyo, kijana aliyeitwa Dismas Mbunda. Alizama kwa ugali wake mikononi mwetu.

Bwana Hyera akachukua barakoa.

"Kaka Hyera," nikasema. "Amekula."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Umejuaje wewe?"

"Nimempikia mimi."

Tekla akaacha kupanga vyombo. Mnajua kwetu kumtajia mgeni chakula alichokula kwenu ni masimango. Mtu anaweza kukuibia ng'ombe, ukamdai ng'ombe, lakini ugali aliokula kwako humtajii, hata mkigombana. Na mimi nilikuwa namtajia mtu asiyeweza hata kusikia, mbele ya binti wa mama yangu mdogo.

"Nini, na lini?" akauliza Bwana Hyera. Sauti yake haikupanda.

"Ugali. Usipa wa karanga. Na komoni, si kidogo. Saa sita."

"Wapi?" Huyo alikuwa Daktari Kinunda, amegeuka, maji yanamdondoka kwenye viwiko.

Nikasema, "Kwa kaka yangu Longinus."

"Basi hakuteleza."

"Daktari, mimi najua alichokula tu."

Uso ulinichoma kama nimeinama juu ya tanuri. Nilikuwa nimeimeza aibu ya kaka na kuitapika papo hapo. Bwana Hyera peke yake hakunitazama. Aliiweka barakoa kando, akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa.

"Kolumba, njoo kichwani. Weka kidole hapa, chini ya kikoromeo, kwenye hii pete ya gegedu. Bonyeza kuelekea kwenye meza. Unaufunga mlango wa tumbo. Nisipokwambia achia, usiachie, hata paa likituangukia."

Akachoma thiopentoni, kidogo, akiangalia mapigo. Kisha ile ya kulegeza. Mwili wa Albano ukatetemeka vidole, nyama za uso zikacheza, halafu akatulia kabisa kama kitambaa kilicholowa. Hapumui. Hyera akainua ulimi kwa kile kijiko chenye taa, mpira ukaingia, akaujaza upepo, akabana mfuko mara mbili, akasikiliza kifua kulia na kushoto.

"Achia."

Nikaachia. Kisha akapitisha mpira mwembamba tumboni, akaniambia nikanyage pampu. Nikakanyaga. Kwenye chupa ya kioo kikaanza kuja chakula changu. Karanga, nyanya, harufu ya komoni, na usipa. Usipa wenyewe wazima, macho yao wazi, wanazunguka kwenye kioo mbele za watu wote. Tekla akasema taratibu, "Dada Kolumba, hata hujawatoa vichwa." Sijui alitaka nicheke. Nilikanyaga pampu huku machozi yananidondoka, na siwezi kuyafuta maana mikono ni safi.

Daktari akatoboa fuvu kwa keekee yake. Damu iliyoganda ikatoka nyeusi, kama ini la kuku. Mboni iliyofunguka ikaanza kurudi. Bwana Hyera akasema, "Haya, bwana kahawa, rudi uhesabu magunia." Mke wa Bosko alijifungua mwenyewe jioni ile ile, mtoto wa kike, wakamwita Anastasia. Hakuhitaji kichupa. Lakini Bwana Hyera hakulijua hilo alipokifungua, na hilo msilisahau mnapomhukumu mtu aliyechagua.

Nilipotoka, Gaudensia alisimama. Alikuwa amesikia, ule mlango ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Anaishi?"

"Anaishi."

Akapiga ishara ya msalaba. Halafu akaniambia, "Wifi, umetuvua nguo."

"Angekufa, wifi."

"Najua angekufa. Nakwambia tu umetuvua nguo."

Akanieleza palepale. Baada ya chakula Longinus alileta magunia mawili. Albano, kwa mzaha wa mtu aliyeshiba, akazamisha mkono mpaka chini ya gunia mbele ya majirani, akautoa umelowa. Akasema, "Shemeji, hii kahawa umeibatiza?" Watu wakacheka. Longinus akachukua mchi wa kinu. Ule ule niliotwangia karanga.

Hospitali ilipeleka habari kituoni, kama ilivyopasa. Kaka alichukuliwa, akahukumiwa Mbinga, akafungwa. Albano aliporudi ziwani mkono mmoja ulikuwa mzito na maneno yalikuwa yanamtoka polepole. Aliwaambia askari hakumbuki kitu chochote tangu misa, na ilikuwa kweli. Kwa hiyo ushahidi wa nyumba yetu ulianzia kwangu. Ukoo ulikaa. Baba yetu mdogo, Mzee Kandidus, akasema mbele ya wote, "Huyu amemuuza kaka yake kwa usipa." Sokoni Kitai watu walituita wenye kahawa ya maji. Hospitalini wauguzi wageni waliniita Mama Usipa, wanadhani ni kwa sababu nawapenda. Sikuwapika tena.

Mtaniuliza naona aibu ya nini, kama mtu alipona. Aibu haina akili ya kuchagua, wajukuu zangu. Niliona aibu ya kaka aliyempiga mgeni ambaye sahani yake ilikuwa bado haijaoshwa. Niliona aibu ya wifi, mama mwema, aliyekuwa tayari mtu afe na tumbo lake liitwe tupu. Na niliona aibu mbele ya mama yake Albano, Bibi Felista, alipopanda kutoka ziwani kunishukuru, akapiga magoti, mimi Kolumba wa ukoo wa Longinus nikapigiwa magoti. Nilimwinua, nikakimbilia chumba cha kuchemshia vyombo.

Ila mkiwa kichwani kwa mgonjwa, ulizeni amekula nini, kisha msiamini jibu. Ndugu hudanganya kwa hofu, kwa heshima, kwa dini, kwa mambo ambayo nyie hamtayajua kamwe. Kama mna kichupa kimoja, mpeni aliyeko mezani. Na anayejua aseme, hata kama ni mfagizi, hata kama jina la nyumba yake ndilo litakalotoka mdomoni.

Longinus alitoka, amekonda. Ananisalimia kanisani, anaitika, ananiuliza hali. Lakini kwangu hajala tena. Akija kwa msiba au kipaimara anakaa nje, akiletewa maji anasema ameshakunywa. Kwetu mtu akikataa maji yako amekwambia kila kitu. Sasa sote wawili tuna mvi, Gaudensia ametutangulia, na yeye anaishi na mwanawe Simforosa kule Namswea.

Happy anasema maandishi haya atawapelekea ndugu wote. Basi nawaomba mliokuwepo, au mliosimuliwa na waliokuwepo, mnisahihishe nilipopotea. Huenda gunia lilikuwa moja, si mawili. Huenda neno la Albano halikuwa kubatiza. Tekla, kama hukusema lile la vichwa, nitumie habari nilifute. Na wewe kaka Longinus, Simforosa atakusomea. Kama nimekuongezea ubaya, au nimekupunguzia, usinitumie mtu. Njoo mwenyewe uniambie, na uje mchana, chakula kikiwa jikoni.